Nyumba Iliyohama

Saa moja asubuhi kivuko kinapiga honi Chacao.
Mvua. Wipa ya kushoto imekufa.
Namngoja abiria mmoja asiyelipa nauli:
baba.

Ameshuka na sanduku lililofungwa kamba.
Miaka thelathini na minne akikata sufu za kondoo
huko kusini, ambako upepo umemla nyusi.
"Gari lako hili, Eduvina?"
"La benki."
Tukaondoka.

Mimi kazi yangu ni hii, kuzungusha wageni,
Chiloé yote kwa siku moja, chakula cha mchana ndani ya bei.
Sentensi zangu nimezizoea kama sala:
Kulia kwenu ni kanisa la mbao,
mafundi walilifunga kwa vigingi, msumari hawakuwa nao.
Baba hatazami kulia.
"Pale," anasema, "alizama fahali wa Barría,
tukamla wiki nzima."

Castro, nyumba zimesimama ndani ya maji,
zimepandisha sketi, magoti yamejaa kome.
Hapa wageni hupiga picha dakika ishirini.
Baba alikwenda haja ndogo, akarudi.
Chonchi tukanunua mikate ya viazi, bado ya moto,
mafuta yakatulowesha hadi viwiko.
Mama hatukumtaja.
Tulihesabu chenji, mara mbili.

Halafu barabara inaingia magharibi, inakumbatia ziwa,
na pale Huillinco akanigusa mkono: simama.
Akashuka kwenye mvua.
Palikuwa na majani ya nalka, mapana kama miavuli,
na jiwe moja la kizingiti, ambalo sasa
halizuii mtu kuingia popote.

Sikumwambia. Ningemwambia lini?
Mwaka ule barua zilipokoma, mama aliiuza nyumba,
mnunuzi akaitaka nyumba, uwanja hakuutaka.
Majirani wakaja kwa ujima, wenyewe tunaita minga,
jozi kumi na mbili za ng'ombe, magogo, kamba, kelele,
wakaivuta hadi majini, ikaelea
kama kuku aliyelazimishwa kuoga.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikimbia ufukweni nikiifuata.
Mapazia yalikuwa bado dirishani,
yananipungia.

"Nyumba iko wapi?"
"Panda gari, baba."

Mlango wa hifadhi, Cucao. Kijana wa tiketi,
Nahuelquín, nimesoma na dada yake,
anauliza anavyouliza kila mtu:
wakazi, au wageni?
Baba akanitazama.
Nikasema: mkazi mmoja, mgeni mmoja.
Hakubisha. Alitoa noti zake mwenyewe,
akazinyoosha kwanza juu ya paja.

Tukapita njia ya mbao katikati ya msitu wa tepú,
miti iliyojinyonga viungo, kuvu, matone, giza la kijani.
"Zamani hizi zilikuwa kuni," akasema,
akatembea taratibu, kana kwamba kuni zimelala.
Mwisho wa njia, Pasifiki inajipiga kifua.
Nina sentensi ya pale pia. Niliimeza.

Kituo cha mwisho hakimo katika ratiba.
Nyuma ya vilima vya mchanga, rangi ya manjano sasa,
bati jipya, mbwa, antena.
Mama mmoja mwenye unga mikononi akafungua:
kama ni mayai, yamekwisha.
Nikaanza kueleza. Baba alikwisha pita.

Alikuwa anapanda ngazi kwenda darini,
kofia mkononi, haangalii chini:
ya kwanza, ya pili,
kisha mguu wake ukaruka, ukatua ya nne.

"Nani kakwambia," mama wa unga akauliza,
"kwamba hiyo ya tatu ni mbovu?"

Baba akasimama hapo hapo, ameshika ukuta.
Yule mama akanigeukia, anangoja jibu.
Nje gari nililiacha linanguruma,
petroli inakwisha,
na mimi, mwenye sentensi kwa kila jiwe la kisiwa hiki,
nikaufuta mlango maji ya mvua
kwa mkono wa sweta.